Muundo wa ulvani, kabohaidreti ya mwani kijani

Mwani kijani wa jenasi ya Ulva, wenye majani mapana na membamba kama karatasi, huota pia katika pwani ya Afrika Mashariki, ingawa biashara ya mwani ya Zanzibar inategemea mwani mwekundu, yaani spinosum na cottonii, unaotoa karajinani. Karajinani ni minyororo ya sukari iitwayo galaktosi, iliyoshikamana na salfeti, yaani vikundi vya salfa na oksijeni. Kabohaidreti kuu ya Ulva inayoyeyuka katika maji, ulvani, nayo ina salfeti, lakini sukari zake ni nyingine, na kwa sababu hiyo moja haiwezi kuchukuliwa tu kuwa mbadala wa nyingine.

Ulvani hukaa katika ukuta wa seli pamoja na selulosi, na kwa kawaida ni kati ya asilimia 9 na 36 ya uzito wa mwani mkavu. Sehemu kubwa ya mnyororo wake ni jozi zinazojirudia: ramnosi, aina ya sukari, yenye salfeti kwenye atomi yake ya kaboni ya 3, huungana ama na asidi ya glukuroniki, ama na asidi ya iduroniki, ambazo ni sukari zenye tabia ya asidi. Asidi hizi mbili zina atomi zilezile, zikitofautiana tu katika mpangilio wa kaboni ya 5. Katika baadhi ya jozi, nafasi ya asidi huchukuliwa na sukari nyingine, zailosi, ambayo wakati mwingine hubeba salfeti yake yenyewe.

Asidi ya iduroniki ni nadra katika mimea, ila imo katika heparini, dawa ya kuzuia damu isigande. Kufanana huko hakuifanyi ulvani kuwa dawa, wala hakumpi mtu ruhusa ya kuiuza kama dawa.

Salfeti na asidi huupa mnyororo chaji hasi, ndiyo maana ulvani hufanya jeli inapokutana na kalsiamu na asidi ya boriki katika maji yenye ubesi kidogo. Ili kuitoa, mwani huchemshwa katika maji ya nyuzi 80 hadi 90, mara nyingi pamoja na oksaleti inayonasa kalsiamu, kisha ulvani huganda na kuzama inapotiwa ethanoli. Asidi kali na joto jingi hukatakata minyororo, kwa hiyo taarifa inayosema “ulvani” tu, bila spishi, msimu wa kuvuna na njia ya kuitoa, haimsaidii sana mtengenezaji wa bidhaa.

Kuupima muundo huu kuna ugumu wake. Kiungo kati ya asidi ya glukuroniki na ramnosi hustahimili asidi inayotumika maabara kuvunja mnyororo, ilhali asidi ya iduroniki huharibika mapema ikikutana na asidi hiyohiyo, na ndiyo sababu mojawapo iliyofanya itambuliwe ndani ya ulvani katika miaka ya 1990 tu, baada ya watafiti kutumia vimeng’enya na vipimo vya sumaku vinavyosoma viini vya atomi bila kuuvunja mnyororo wenyewe.