Esri Ilivyokua, Kama Inavyoonekana Kutoka Kisumu

Ukifanya kazi ya ramani za kidijitali hapa Kisumu, hata kama hujawahi kulipia leseni ya Esri, kampuni ya Marekani ya programu za ramani, utakutana nayo tu. Akikutumia data mhandisi wa barabara, mpima ardhi wa Kakamega au mtafiti wa mafuriko ya Nyando, mara nyingi faili inaishia na .shp. Huo ni muundo wa Esri. Namna kampuni hiyo ilivyofika kwenye kompyuta zetu inatuhusu kuliko wengi wanavyodhani.

Jack na Laura Dangermond, mume na mke, waliianzisha mwaka 1969 mjini Redlands, California, ambako wazazi wa Jack walikuwa na kitalu cha miche. Jack alikuwa amesomea usanifu wa mandhari, na huko Harvard aliikuta maabara iliyokuwa ikijaribu kuchora ramani kwa kompyuta. Mwanzoni hawakuuza programu. Walikuwa washauri wa matumizi ya ardhi: mteja analeta swali, wanalichambua, wanalipwa. Biashara ya namna hiyo hukua polepole, maana kila mteja mpya anadai muda mpya wa watu.

Mwaka 1982 walitoa ARC/INFO, na mambo yakabadilika. Upande mmoja wa programu hiyo ulishika maumbo: pointi, mistari na mipaka. Upande wa pili, uliotokana na hifadhidata ya kampuni nyingine, ulishika maelezo ya kila umbo. Chukua bomba la maji la Nyalenda. Kwenye skrini ni mstari tu, lakini nyuma yake kuna safu mlalo ya jedwali yenye kipenyo, aina ya bomba na mwaka lilipolazwa. Basi unaweza kuuliza: nionyeshe mabomba yote ya chuma yaliyo ndani ya mita 50 kutoka mto Auji. Mchoro wa karatasi, uwe mzuri vipi, haukupi jibu hilo kwa mara moja. Manispaa na idara za misitu hazikuwa zikinunua picha. Zilikuwa zikinunua uwezo wa kuuliza.

Miaka ya 1990 ikaja ArcView, iliyofanya kazi kwenye kompyuta za kawaida za mezani, pamoja na muundo huu wa .shp. Kisha mwaka 1998 Esri ikachapisha maelezo kamili ya muundo huo, mtu yeyote ayasome na kuyatumia. Kwangu mimi, uamuzi huo ulichangia ukuaji wao kuliko tangazo lolote. Hata washindani wao wakaanza kuandika data kwa muundo wa Esri. QGIS, programu huria iliyoanza mwaka 2002, inaifungua bila shida. Kumbukumbu za ofisi nyingi zikajaa faili hizo, na ofisi iliyohitaji zana kubwa zaidi ilijua pa kwenda. Kampuni pia haijawahi kuuza hisa sokoni, kwa hiyo waanzilishi waliweza kusubiri matunda ya uamuzi kama huo.

Sasa tuje nyumbani, kwa sababu muundo huo una madhara yake. Mtu ananitumia kwa WhatsApp faili moja ya .shp, anaandika, "Ramani hiyo hapo, kaka." Lakini hiyo si ramani kamili. Inahitaji .shx ya faharasa, .dbf yenye jedwali, na .prj inayosema vipimo vinahesabiwa kuanzia wapi. Bila .dbf una mistari isiyo na majina. Kukosa .prj ndiko kubaya zaidi katika eneo letu. Ikweta inapita Maseno. Kusini yake, katika kanda ya 36 ya UTM, mfumo unaogawa dunia kwa kanda na kupima mahali kwa mita, namba za kaskazini zinakaribia 10,000,000. Ukiivuka kuelekea Luanda ya Vihiga zinaanza tena sifuri. Nakuru nayo iko kanda ya 37. Ongeza hapo kwamba ramani zetu nyingi za zamani zinatumia Arc 1960, msingi wa zamani wa vipimo wa Afrika Mashariki, ilhali simu yako inatumia WGS 84, msingi wa GPS. Ukizichanganya bila kubadilisha, vitu vinasogea takriban mita 300. Katika mtaa uliobanana kama Manyatta, mita 300 zinakuchimbisha mtaro kwenye ua wa mtu mwingine.

Tena majina ya safu wima kwenye .dbf hayazidi herufi 10. Andika "namba_ya_kiwanja" na "namba_ya_kituo", zote zinakatwa zinabaki "namba_ya_k".

Esri yenyewe imesonga mbele hadi kwenye mtandao. Ile dashibodi ya Chuo Kikuu cha Johns Hopkins iliyoonyesha maambukizi ya korona kuanzia Januari 2020 ilijengwa kwa ArcGIS, mkusanyo wa sasa wa programu za Esri. Kwa idara nyingi za kaunti zinazotaka kuhariri ramani moja kwa pamoja, naona zana hizo zinastahili bei yake. Kwa chama cha maji cha kijijini, tumieni QGIS na mhifadhi data kwa muundo wa GeoPackage: kila kitu katika faili moja, majina marefu yanakubalika, na ArcGIS pia inaisoma. Kaunti inayonunua leseni iandike kwenye mkataba kwamba data ni yake na itatolewa kwa muundo ulio wazi wakati wowote itakapoitaka. Kifungu hicho nakidai mezani kabla bei haijatajwa.