Mkia wa Noti: Ufundi wa Kuzima Sauti kwenye Vibrafoni

Kila mwanafunzi anayekuja kwangu Sinza, Dar es Salaam, kujifunza vibrafoni hutamani kushika vijiti vinne tangu siku ya kwanza, kwa sababu ndivyo alivyowaona wapigaji kwenye video. Mimi humpa kijiti kimoja. Humwomba akanyage pedali, apige bapa la chini kabisa mara moja tu, kisha asikilize mpaka awe na hakika kwamba sauti imekwisha. Wengi husema imekwisha wakati mimi bado naisikia. Tukirudia zoezi hilo alfajiri, kabla bajaji na daladala hazijaanza kujaza barabara, hushangaa kuona kwamba noti waliyoidhania fupi ina mkia mrefu. Baada ya miaka mingi ya kufundisha ala za kugonga, naamini kwamba sehemu kubwa ya ufundi wa vibrafoni, na ya umuziki wake pia, imo ndani ya mkia huo: mpigaji anatakiwa ajue noti itakwisha lini kabla hajaipiga.

Kwa msomaji ambaye hajaiona ala hii kwa karibu, vibrafoni ya kawaida ina mabapa 37 ya aloi ya alumini, yaliyopangwa kama vibonye vya kinanda katika oktava tatu, kuanzia F hadi F. Chini ya kila bapa umening'inia mrija uliozibwa upande wa chini, ambao hukuza sauti ya bapa lake. Kwenye midomo ya mirija zimepita fito mbili zenye visahani vinavyozungushwa na mota ya umeme, na visahani hivyo vinapofungua na kufunga midomo hiyo, nguvu ya sauti hupanda na kushuka kama wimbi. Kisha kuna sehemu ambayo mgeni haioni: ubao mrefu uliovikwa feleti, yaani kitambaa kinene cha sufu iliyogandamizwa, uliolala chini ya mabapa, katikati ya safu mbili, ambao springi huusukuma juu ili uyaguse yote kwa pamoja. Huo nitauita kizimio. Pedali ikikanyagwa, kizimio hushuka na mabapa yote huwa huru. Ikiachiwa, yote hunyamaza. Ala ilibuniwa Marekani katika miaka ya 1920, na muundo uliokuja kuwa msingi wa vibrafoni za leo, wenye mabapa ya alumini na pedali ya kuzimia, ulitolewa na kampuni ya Deagan ya Chicago mwaka 1927. Kwangu mimi, pedali ile ni muhimu kuliko mota iliyoipa ala jina lake.

Neno "yote" hapo juu ndilo chanzo cha taabu na utamu wa ala hii. Mpiga piano akiinua kidole, noti ya kidole hicho huzimika peke yake na nyingine huendelea, kwa kuwa karibu kila noti ya piano ina kizimio chake. Vibrafoni haina hisani hiyo. Mguu mmoja unatawala mabapa 37, na ukiachia pedali ili uondoe noti moja inayokera, unaziondoa pia zile ulizotaka zibaki. Kwa hiyo mpigaji ana njia mbili za kumaliza noti, mguu na kijiti, na lazima ajifunze kuzitumia kwa pamoja bila kuzichanganya.

Nianze na mguu. Wanafunzi wangu wenye kipaji kikubwa mara nyingi ni wapiga kinanda wa kwaya, nao huja na tabia moja ambayo hunichukua wiki kadhaa kuirekebisha. Kwenye piano, mtu akitaka kuunganisha kodi mbili za muziki, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, bila pengo, hupiga kodi mpya kwanza, na papo hapo huinua pedali na kuikanyaga tena. Kodi mpya haipotei kwa sababu vidole bado vimeshikilia vibonye. Fanya hivyo kwenye vibrafoni na utaiua kodi mpya palepale, kwa kuwa kijiti kimekwisha kuruka juu na hakuna kitu kinachoilinda isiguswe na feleti. Hapa mguu lazima utangulie: pedali iachiwe kitambo kidogo kabla ya pigo, kizimio kiguse, kisha kiwe kimeshashuka wakati kijiti kinapofika kwenye bapa. Pengo hilo likiwa dogo vya kutosha, sikio la msikilizaji halilioni. Likiwa kubwa, muziki unakuwa na kikohozi. Namwelekeza mwanafunzi aweke kisigino sakafuni na kukiacha hapo, uzito wa mwili ubebwe na mguu mwingine, na sehemu ya mbele ya wayo ndiyo ifanye kazi, kwa sababu anayeinua mguu mzima hawezi kupima umbali.

Umbali huo una ngazi zake. Pedali si swichi ya taa. Kuna mahali, kwenye ala nyingi ni milimita chache tu kutoka pale feleti inapoachana na mabapa, ambapo kizimio hugusa kidogo bila kubana, na sauti hupungua polepole badala ya kukatika. Hapo ndipo mpigaji mzuri huishi. Kila ala ina mahali pake, na hubadilika feleti inapochakaa au springi inapolegea, kwa hiyo hata mimi nikikutana na vibrafoni ngeni hutumia dakika kumi za kwanza kuutafuta mpaka huo kwa mguu, kabla sijapiga melodia yoyote.

Sasa kijiti. Tuseme mkono wa kushoto umepiga *do* na *mi*, nazo unataka zidumu, huku mkono wa kulia ukitembea kutoka *la* kushuka hadi *so*. Natumia majina haya kwa makusudi, maana wengi wetu tulilelewa kwenye sol-fa za kwaya na masikio yetu hufikiri kwa majina hayo upesi kuliko kwa herufi. Ukiacha pedali chini na kupiga *so* tu, *la* itabaki ikilia kando yake, na zote mbili zitavurugana. Ukiachia pedali, *do* na *mi* zitakufa. Dawa ni kupiga *so* kwa kijiti kimoja na, wakati huohuo, kubonyeza kichwa cha kijiti cha pili juu ya bapa la *la*. Nimesema kubonyeza, sikusema kugonga: kichwa kifike kwa ulaini kama kidole kinachojaribu ukali wa kisu, kisha kikaze, vinginevyo utasikia mlio mdogo wa kero ambao ni mbaya kuliko noti uliyotaka kuizima.

Kipi kizimwe na kipi kiachwe? Hapa ufundi wa mikono unaishia na umuziki unaanza. Noti zilizo jirani kwenye ngazi ya muziki karibu kila mara hugombana, na ya kwanza inafaa iondoke ya pili inapofika. Noti za kodi moja, kama *do*, *mi* na *so*, zinaweza kuachwa zilie pamoja, lakini si lazima, kwa kuwa melodia yenye kila noti iliyoachwa hupoteza umbo. Huwaambia wanafunzi wamkumbuke mtu anayeghani shairi la tarbia. Mshororo una mizani 16, nane kwa nane, na mghani mzuri hutua kidogo kati ya ukwapi na utao hata pale ambapo maana inaendelea. Asipotua, vina vinapotea na msikilizaji anabaki na msururu wa silabi. Tunachukua mshororo wowote wanaoukumbuka tangu shuleni, wanaughani kwa sauti, kisha wanaupiga kwa noti tatu tu, huku pedali ikifuata pumzi yao. Zoezi hili limenipa matokeo mazuri kuliko kurasa zote za mazoezi ya skeli nilizowahi kugawa.

Waliotoka kwenye ngoma huwa na kifundo cha mkono chepesi na mdundo usioyumba, na sina la kuwafundisha kuhusu pigo lenyewe isipokuwa mahali pa kupiga: katikati ya bapa, au kwenye ncha pale nafasi inapokuwa finyu, lakini kamwe si juu ya kamba inayoyashikilia mabapa. Kamba hupita kwenye nukta mbili ambazo bapa halitikisiki linapotoa sauti yake kuu, kila moja ikiwa takriban asilimia 22 ya urefu wa bapa kutoka mwisho wake, na ukipiga hapo utapata sauti kavu isiyo na mwili. Shida yao huwa kwenye ukimya. Ngoma humaliza noti kwa niaba yako. Vivyo hivyo marimba ya vidole, ile ambayo Hukwe Zawose aliivusha kutoka Ugogo hadi kwenye majukwaa ya dunia: ulimi wa chuma ukitoka kwenye kidole gumba hulia na kufifia wenyewe baada ya muda mfupi. Kwenye vibrafoni, usipoamua wewe, hakuna atakayeamua.

Vijiti vinne hufuata baadaye. Ninafundisha mshiko wa Gary Burton, mpiga vibrafoni wa jazi wa Marekani, ambamo vijiti viwili vya mkono mmoja hukatana ndani ya kiganja, kile cha nje kikipita kati ya kidole cha shahada na cha kati, kile cha ndani kikishikwa na kidole gumba na cha shahada. Tukihesabu kutoka kushoto, melodia hupigwa zaidi kwa kijiti cha pili na cha nne, navyo vingine huwa tayari kwa kodi na, jambo ambalo wengi hulisahau, kwa kuzima. Mwanafunzi akifikia hapa bila kujua kuzima kwa vijiti viwili, vinne vitamwongezea kelele tu. Tena haoni sababu ya kuharakisha akijua kwamba Milt Jackson, mpiga vibrafoni mwingine wa jazi wa Marekani, ambaye kwangu ndiye aliyeiimbisha ala hii kuliko wote, alifanya kazi yake kubwa kwa vijiti viwili.

Jackson alijulikana pia kwa kuizungusha mota polepole, hata wimbi la sauti likafanana na mtetemo wa koo la mwimbaji. Burton alizoea kuizima kabisa. Mimi nilijifunza kupenda njia ya Burton kwa lazima: umeme ulikatika nikiwa katikati ya zoezi, visahani vikasimama, na nikabaki na sauti tupu ambayo haikuwa na pazia la kunificha. Makosa yote ya pedali ambayo wimbi la mota lilikuwa likiyafunika yalisikika wazi. Tangu hapo mwanafunzi wangu haruhusiwi kuwasha mota katika miezi sita ya kwanza. Visahani vilivyosimama, hata hivyo, visiachwe ovyo. Vizungushwe kwa mkono mpaka midomo ya mirija iwe wazi, la sivyo baadhi ya noti zitatoka zimezibwa.

Kwa kusikiliza, nawaelekeza kwa mpiga vibrafoni Mulatu Astatke wa Ethiopia, ambaye noti zake chache, zilizoachwa zielee juu ya mdundo, ni somo kamili la mahali pa kumalizia. Na karibu zaidi na nyumbani, wachague kipande cha gitaa la solo kwenye muziki wa dansi, wakihamishie kwenye mabapa, na waandike chini ya kila noti ni wapi gitaa linaizima kwa kiganja.

Kuhusu matunzo katika mji huu wa joto na chumvi, alumini si tatizo kubwa. Springi, skrubu na kamba ndizo zinazoliwa. Nazifuta kila wiki, na nyuzi za vichwa vya vijiti zikichakaa navifunga upya kwa uzi wa sufu kutoka Kariakoo. Feleti nayo hugandamana pale mabapa yanapoikalia, na kizimio huanza kuacha baadhi ya noti zikivuja. Wiki iliyopita mwanafunzi mmoja alisimama katikati ya kipande chake na kuniambia kwamba B ya chini haikufa pamoja na wenzake. Nilikuwa sijaisikia. Tuliinamisha vichwa karibu na ala, akaachia pedali tena, nami nikaisikia: nyembamba, iko mbali, inaendelea.