Je, wajua kipindi cha watoto humfundishaje mtoto kumwelewa asiyefanana naye?

Wengi huamini kwamba kazi yote hufanywa na funzo la mwisho. Aliyetengwa anakumbatiwa, mkubwa mmoja anasema tupendane, wimbo unapigwa, na mtoto aliyekaa mkekani Tandale au Mbagala ameshaelewa. Sivyo, na ushahidi wake unashangaza.

Mwaka 2008 watafiti Marie-Louise Mares na Emily Acosta walichapisha matokeo ya utafiti walioufanya Marekani. Waliwaonyesha watoto wa chekechea katuni ya Clifford, lile jibwa jekundu, ambamo mbwa wengine mwanzoni wanamwogopa mgeni mwenye miguu mitatu, kisha wanamzoea. Shabaha ilikuwa watoto wasiwatenge watu wenye ulemavu. Walipoulizwa wamejifunza nini, wengi walijibu kuhusu mbwa: mbwa wa miguu mitatu atendewe wema. Jirani anayetembelea magongo hakuwajia akilini kabisa. Kutoka kwa mbwa hadi kwa binadamu kuna hatua ambayo mtoto wa umri huo haivuki peke yake, hata funzo liwe wazi vipi machoni pa mtu mzima.

Kinachosaidia zaidi ni mazoea. Chukua nyumba ya kupanga yenye vyumba sita na bomba moja uani. Mpangaji mpya siku ya kwanza anaitwa "yule kiziwi". Mkishapanga foleni ya maji pamoja, mkapokezana zamu ya kufagia uwanja, akakuazima jiko la mkaa, uziwi unabaki jambo moja kati ya mengi: ni Yanga damu, ana hasira za karibu, maharage yake ya nazi hayana mpinzani. Runinga inaweza kumleta mpangaji wa namna hiyo sebuleni, jioni baada ya jioni.

Ndiyo maana nampenda Kami, mwanasesere aliyeingia mwaka 2002 katika Takalani Sesame, kipindi cha watoto cha runinga cha Afrika Kusini, ndugu wa Kilimani Sesame ya hapa kwetu Tanzania. Ni msichana wa miaka mitano, yatima, anayeishi na virusi vya UKIMWI, na watoto humwona akicheza na wenzake.

Mazoea nayo yana mipaka. Nchini Rwanda, Elizabeth Levy Paluck alichunguza mchezo wa redio wa upatanisho kati ya Wahutu na Watutsi, Musekeweya, na kuchapisha matokeo mwaka 2009. Imani binafsi za wasikilizaji hazikubadilika sana. Kilichobadilika ni jinsi walivyoona jamii inavyotarajia watu waishi, hata katika suala la kuoana na watu wa upande wa pili.