Daraja la kwanza halileti mkopo wa chuo

Wazazi wengi Tanzania bado wanaamini kwamba mtoto akipata daraja la kwanza kidato cha sita, mkopo wa chuo utakuja wenyewe. Sivyo. Bodi ya Mikopo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, huangalia uhitaji wa familia, na lazima mwanafunzi aombe mwenyewe mtandaoni. Kupata nafasi chuoni ni ombi jingine kabisa.

Kinachokwamisha wengi ni karatasi. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe mapema RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, na cha kifo pia kwa aliyefiwa na mzazi. Aliyerudia mtihani wa kidato cha nne ana namba mbili za mtihani: aombe chuo na mkopo kwa namba ileile moja, la sivyo taarifa zake hazitaoana. Hapa ndipo wanafunzi wazuri kabisa hupotea, inauma. Fomu ikishachapishwa husainiwa na mwombaji, mdhamini, kiongozi wa mtaa au kijiji, na wakili au hakimu, kisha hupandishwa tena kwenye mfumo. Saini au muhuri mmoja ukikosekana, ombi halijakamilika. Uhakiki wa vyeti uanze wanafunzi wakiwa bado shuleni, matokeo yasisubiriwe.