Uhalisi wa mwendo: jicho linavyomkataa mtu wa kompyuta

Giza limeingia, mtu anakuja kwa mbali. Sura huioni, shati hulitambui, lakini umeshasema, "Yule mjomba." Umemjua kwa mwendo. Jicho hilohilo ndilo linalowatoa jasho watengenezaji wa katuni na gemu.

Uhalisi wa mwendo ni kiasi ambacho mtazamaji anakubali kwamba mtu wa kompyuta anatembea, anaruka au anageuka kama binadamu. Usiuchanganye na uhalisi wa sura. Ngozi inaweza kung'aa jasho na nywele zikapepea, ila akipiga hatua mbili tu unajua huyu si mtu.

Msingi wa utafiti huu uliwekwa Sweden. Mwaka 1973 Gunnar Johansson wa Chuo Kikuu cha Uppsala alieleza jinsi alivyowapiga filamu watu waliofungwa taa ndogo, au utepe unaoakisi mwanga, kwenye viungo: mabega, viwiko, nyonga, magoti, vifundo. Kwenye filamu vilionekana vidoti tu. Vikitulia, havina maana yoyote. Vikianza kwenda, papo hapo unamwona mtu anatembea. Mwaka 1977 James Cutting na Lynn Kozlowski wakaonyesha kwamba kwa vidoti hivyo hivyo watu waliweza hata kuwatambua rafiki zao, ingawa si kila mara.

Kompyuta zilipokuja, swali likawa: kosa gani linaonekana, na lipi linapita? Hakuna mashine ya kulipima hilo peke yake, macho ya watu ndiyo mizani. Unawaonyesha vipande vifupi, vingine vimechezewa kidogo, unawauliza kipi ni cha kweli. Mwaka 1998 Jessica Hodgins na wenzake waliuvisha mwendo uleule maumbo mawili, moja la vijiti na jingine lenye mwili kamili. Watazamaji waliyabaini mabadiliko kwa urahisi zaidi kwenye mwili kamili. Kwa maneno mengine, ukimpendezesha mhusika wako umejiongezea kazi, maana mtu wa vijiti husamehewa mengi.

Kosa ninalolichukia mimi ni miguu kuteleza. Mwendo unanaswa, yaani unarekodiwa kwenye kompyuta, kutoka kwa mwigizaji mrefu, kisha anavishwa mhusika mfupi: hatua hazilingani na miguu, na unyayo unasogea huku ukidaiwa kukanyaga. Ukicheza gemu ya mpira, achana na uso wa mchezaji, tazama viatu vyake anapogeuka ghafla. Ukishaliona mara moja, hutaacha kuliona.

Makosa hayana uzito sawa. Mwaka 2003 Paul Reitsma na Nancy Pollard walichunguza miruko ya wahusika wakiwa hewani. Kasi ya kwenda mbele ikichezewa, watu hugundua upesi kuliko ikichezewa ya juu na chini. Tena kuongeza kasi hewani hushtukiwa haraka kuliko kuipunguza. Labda ni kwa sababu hakuna anayesukumwa na kitu akiwa angani.

Kwa mtengenezaji hayo ni mambo ya kazi. Mruko ulionaswa unafika mita moja na nusu, mhusika anatakiwa kuvuka mtaro mpana kuliko hapo. Akinyoosha umbali bila kugusa kitu kingine, atakamatwa. Akimrusha juu kidogo zaidi ili akae hewani muda mrefu, huenda akapita.