Neno la siri la waashi, na daftari la Ngamiani

Wiki iliyopita kijana mmoja wa hapa Ngamiani, Tanga, alinifuata barazani. "Shikamoo mwalimu," akasema, kisha akanipa simu yake nisome ujumbe: jiunge na Frimasoni, tuma shilingi elfu hamsini za fomu, utajiri ndani ya siku 7. Nikamwambia asitume hata senti, hao ni matapeli. Frimasoni wenyewe wana desturi ya kumsubiri mtu aombe mwenyewe na adhaminiwe na wanachama, na akishaingia yeye ndiye anayelipa ada.

Nimesoma historia ya vyama hivi miaka mingi, na huniuma kuona watu wanauliza kama Frimasoni wanaabudu shetani kabla ya kuuliza habari za kazi. Masoni ni mwashi tu, fundi wa mawe na chokaa. Huko Uskoti, ambako kumbukumbu za vikao vya loji, yaani tawi la waashi, ya Edinburgh zinaanzia 1599, waashi walihama kufuata ujenzi. Fundi ametoka mbali, hana cheti: utajuaje kama kweli alikaa uanagenzi? Alikuwa na neno la siri, alilofundishwa na waliomfunza kazi. Neno lile ndilo lililokuwa cheti chake. Baadaye wakaingia mabwana wasiowahi kushika mwiko, na mwaka 1717 loji nne za London zikaungana. Bikari na pembemraba, vifaa vya mwashi vya kupimia, zikageuka kuwa mafundisho ya tabia.

Na shetani? Sehemu kubwa ya hadithi hizo aliitunga Mfaransa Léo Taxil, akaziuza kwa miaka mingi, halafu tarehe 19 Aprili 1897 akasimama mbele ya watu Paris akakiri kwamba ni uzushi wake. Hadithi zinazunguka mpaka leo. Kukiri kwake wachache wamekusikia.

Mimi hunivutia zaidi vyama vya watu wa kawaida, kama Odd Fellows wa Uingereza. Nao walikuwa na viapo na ishara zao, lakini kiini kilikuwa sanduku la fedha. Unachanga, ukiugua unapewa posho, ukifa unazikwa kwa heshima, mjane hatupwi. Serikali ya huko haikuleta bima ya ugonjwa kwa wafanyakazi mpaka sheria ya 1911. Sisi tungekiita chama cha kufa na kuzikana, na hakuna ambaye angeshtuka.

Pwani yetu ilikuwa na vya kwake. Beni, ngoma ya vyama vya mashindano, ilianza miaka ya 1890 upande wa Lamu na Mombasa, ikashuka huku na tarumbeta zake, sare, na vyeo vya kijeshi na vya kifalme. Vyama vyake viwili, Marini na Arinoti, vilishindana kwa ngoma na kwa karamu, lakini mgeni aliyeshuka mji asioujua alikuwa na wenyeji tayari: wenzake wa chama. Maofisa wa Kiingereza baada ya vita vya 1914 walitazama mtandao ule wakashuku njama. Kisha mwaka 1922, hapahapa Tanga, Martin Kayamba akaanzisha chama cha Waafrika watumishi wa serikali. Hicho hakikuwa na siri yoyote, lakini haja ilikuwa ileile: mtu aliye mbali na kwao apate ndugu.

Yule kijana nilimtolea daftari la chama cha mtaa wetu, alilolishika babu yangu. Karatasi zimekuwa rangi ya chai. Kila msiba una mistari yake: sanda, pamba, karafuu maiti, mbao, nauli ya kumpelekea habari mtoto aliyeko Korogwe. Pembeni ya jina la mmoja aliyeshindwa kuchanga miezi mitatu, babu ameandika, "Mgonjwa. Asidaiwe."

Kijana aliisoma mara mbili. Nikamfungulia ukurasa wa mwisho, ambao mwandiko wake si wa babu. Juu limeandikwa jina la babu, na chini yake: sanda, pamba, karafuu maiti, mbao.