Je, wajua kwa nini wawindaji wa Uswidi hawapatani na sheria inayomlinda mbwamwitu?

Wengi tukisikia kwamba wawindaji wa Ulaya wanadai mbwamwitu wapunguzwe, tunadhani ni ugomvi wa kitoweo: wawili wanamwinda mnyama mmoja, na mmoja wao ana bunduki. Kitoweo kimo. Lakini ukiwasikiliza wawindaji wenyewe, hasa wa misitu ya katikati ya Uswidi, utakuta yanayowauma zaidi ni mawili: mbwa wao wa kuwindia, na swali la nani mwenye kauli juu ya msitu wanaoishi kando yake.

Mbwamwitu ninayemzungumzia ni yule wa kijivu wa nchi za baridi, si yule wa mabakamabaka wa Hifadhi ya Nyerere au Laikipia. Uswidi ilipompa ulinzi wa kisheria mwaka 1966, alikuwa ameshatoweka karibu kabisa, baada ya vizazi vya serikali kulipa zawadi kwa kila aliyeuawa. Kisha mwaka 1983, huko Värmland karibu na mpaka wa Norwe, jozi moja iliyotoka mashariki ikazaa. Mwaka 1991 akafika dume mwingine, na kwa miaka mingi ukoo mzima wa mbwamwitu wa Uswidi na Norwe ulitokana na hao watatu tu. Majira ya baridi ya 2024/2025 Uswidi ilihesabu kama 355. Huhesabiwa kwa nyayo kwenye theluji na kwa vinasaba vya kinyesi, na wawindaji ni miongoni mwa wanaoleta taarifa hizo, maana ndio walio msituni.

Tuanze na nyama. Kundi moja la mbwamwitu hushika eneo la kama kilomita za mraba 1,000, na kwa mwaka huua elki mia moja na zaidi, wengi wao ndama. Elki ni mnyama wa jamii ya kulungu, mrefu kuliko farasi, na dume lake hukaribia nusu tani. Mmoja hujaza friji za familia kadhaa. Uswidi, haki ya kuwinda hufuata ardhi: ama msitu ni wako, ama unaukodi. Elki wakipungua, chama cha wawindaji wa kijiji hupunguza mgawo wake, na kodi ya eneo hushuka. Hasara hiyo ni ya kweli, lakini inahesabika, na watu wanaweza kukaa mezani wakaizungumza.

Ya mbwa haihesabiki hivyo. Uwindaji wa elki katika misitu ile hutegemea mbwa anayeachiwa huru, mara nyingi wa jamii ya kijivu yenye mkia uliojikunja mgongoni. Hufunguliwa alfajiri, hupotea mitini, na huenda akafika kilomita kadhaa kutoka kwa bwana wake. Akimpata elki humzuia mahali pamoja kwa kubweka mfululizo bila kumgusa, na mwindaji hunyatia akifuata sauti. Siku hizi mbwa huvaa kola yenye kifaa cha setilaiti. Kwenye skrini mwindaji huona mbwa yuko wapi na anabweka mara ngapi kwa dakika.

Sauti hiyohiyo ndiyo inayomponza. Mbwamwitu hulinda eneo lake dhidi ya mbwamwitu wageni, na mbwa anayebweka katikati ya eneo hilo huhesabiwa kuwa mvamizi. Wakimfikia, humuua, na pengine humla. Mwindaji huona kwenye skrini idadi ya kubweka ikishuka hadi sifuri, kisha alama inasimama, au inaanza kwenda ovyo. Yeye yuko mbali, kwenye msitu mnene. Kanuni za uwindaji za Uswidi zinamruhusu kumpiga risasi mbwamwitu anayemshambulia mbwa wake, lakini ruhusa hiyo ina faida gani kwa mtu aliye umbali wa kilomita nzima? Wako wanaowavalisha mbwa vizibao vya kitambaa kigumu, vingine vyenye kutoa shoti ya umeme. Wengine, wakisikia nyayo zimeonekana karibu, humwacha mbwa ndani ya gari siku nzima.

Hapo ndipo takwimu zinapotudanganya. Mbwa wanaouawa kwa mwaka ni wa kuhesabiwa kwa makumi, si kwa mamia, na kwa mtu aliye ofisini hilo ni tatizo dogo. Lakini kila mbwa aliyebaki garini kwa hofu hayumo katika hesabu hiyo. Pale kundi linapohamia, aina ile ya uwindaji, ambayo mtu alirithi kwa baba yake pamoja na uzao wa mbwa wenyewe, inaweza kukoma bila mbwa hata mmoja kufa.

Jambo la pili ni kauli. Uswidi ilipojiunga na Umoja wa Ulaya mwaka 1995, ilifungwa na sheria ya Umoja ya mwaka 1992 inayolinda wanyamapori na makazi yao. Januari 2010 serikali iliruhusu msako wa leseni wa mbwamwitu 27, wa kwanza tangu ulinzi uanze. Wawindaji zaidi ya 10,000 walijiandikisha, na mgawo ukaisha ndani ya siku chache. Mwaka uliofuata Tume ya Ulaya ikaanza kuichukulia Uswidi hatua za kisheria, na baadaye kuna miaka ambayo mahakama zilisimamisha msako wakati watu wameshajiandaa. Kwa upande wa kaskazini, ambako Wasami, wenyeji wa asili wa huko, hufuga reindia, mnyama wa jamii ya kulungu, mbwamwitu haruhusiwi kujikita. Basi mzigo wote umewaangukia watu wa katikati. Wanaoishi pembeni mwa Serengeti au Tsavo wanaijua vizuri chuki inayotokana na mnyama anayelindwa na watu wasiolala naye jirani.

Chuki hiyo ina matokeo. Watafiti wakiongozwa na Olof Liberg walifuatilia mbwamwitu waliovishwa kola za redio, na mwaka 2012 wakachapisha kwamba karibu nusu ya vifo vyote vilitokana na ujangili, na zaidi ya theluthi mbili ya ujangili huo haukugunduliwa kwa njia za kawaida. Bila huo, walikadiria, mwaka 2009 mbwamwitu wangekuwa karibu mara nne ya waliokuwepo.

Wawindaji wengi hujibu: tupeni msako halali, na ujangili utapungua, kwa kuwa mtu mwenye njia ya wazi hahitaji ya kujificha. Hoja hii ilifika Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya kutoka Ufini, na Oktoba 2019 mahakama ikasema serikali inayoitumia lazima iithibitishe kwa ushahidi wa kisayansi. Mimi nakubaliana na mahakama. Naamini mwindaji asiyesikilizwa hanyamazi tu, hufunga pia mdomo juu ya anachokijua. Lakini kuua hadharani hakuondoi kuua kwa siri mpaka ionyeshwe kwamba kumeondoa.

Wisconsin, Marekani, ilitoa somo chungu Februari 2021. Ulinzi wa serikali kuu ulipoondolewa, wawindaji wenye leseni za jimbo walipewa mgawo wa mbwamwitu 119, wakaua 218 katika muda usiofika siku tatu, wengi kwa msaada wa mbwa. Waojibwe, wenyeji wa asili wa eneo hilo na nao wawindaji tangu jadi, walitengewa 81 na hawakuwawinda: kwao mbwamwitu ni ndugu, na yanayompata yeye huwapata wao. Kwa hiyo anayesema “wawindaji wanataka hivi” hana budi kutaja ni wawindaji gani. Mwaka mmoja baadaye jaji alirudisha ulinzi katika sehemu kubwa ya nchi, likiwemo jimbo hilo.

Ulaya sasa imelegeza. Desemba 2024 nchi za Mkataba wa Bern, unaolinda wanyamapori wa Ulaya, zilipiga kura kumshusha mbwamwitu kutoka daraja la ulinzi mkali hadi ulinzi wa kawaida, uamuzi ukaanza kufanya kazi Machi 2025, na Bunge la Ulaya likafuata Mei. Serikali ya Uswidi inataka kushuka hadi 170 kama kiwango cha chini. Tatizo ni damu. Ukoo uliotokana na watatu unazaana wenyewe kwa wenyewe, na wanaoweza kuleta vinasaba vipya hutoka Ufini na Urusi, kwa njia inayopita kwenye malisho ya reindia, ambako wengi huuawa kwa kibali kabla ya kufika kusini. Mwindaji wa Värmland anayetaka mbwamwitu wachache ana sababu kuliko mtu yeyote ya kutaka wageni hao wapite salama, kwa kuwa idadi ndogo ikidhoofika kwa kukosa damu mpya, leseni zitasimamishwa tena.